Korosho Zetu Zilinitangulia Dubai

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, binti yangu alijifungua huko Dubai, nikaitwa nikamlee. We! Mimi wa Newala, darasa la pili, nimo ndani ya ndege! Nilifurahi mpaka nikaona haya. Ila safari ilikuwa na jambo: arobaini ikiisha, ama turudi wote watatu, ama nirudi mimi na kichanga. Chumba cha binti, mtaa wa International City, alikodi na watu wengine, na kazi ilikuwa inamngoja. Mie nilitaka turudi wote.

Sasa, kwetu bosi wa mwanao humwendei mikono mitupu. Nilibeba korosho, nimezibangua na kuzikaanga mwenyewe. Siku tulipokwenda Al Quoz kwa arbab, yaani tajiri wake, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Binti akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama wewe! Umemletea korosho muuza korosho!"

Kumbe! Miaka yote ananiambia "nafanya stoo", sikujua stoo ya nini. Natupa macho ghalani, jamani, makopo ya korosho mpaka darini.

"Zinatoka wapi hizi?"

Tajiri akajibu, binti akatafsiri: "India. Wanalima, na nyingine wananunua kwenu na maganda yake. Wanabangua wao, mimi nanunua kwao."

Nikakaa juu ya boksi. Za kwetu! Zimezunguka dunia, zimevuliwa nguo ugenini! Mkutanoni viongozi wanatuambia nchi yetu inajiamulia mambo yake. Inaamua nini, na bei tunaisikia kwa watu wa mbali, maana korosho isiyobanguliwa ikikaa sana inaharibika?

"Mbona hambangui wenyewe?" tajiri akauliza, anatafuna zangu.

"Kiwanda tulikuwa nacho, baba. Nimebangua humo wewe hujaota ndevu. Kimefungwa, sasa wanalaza magunia yanayongoja meli."

Tajiri akacheka. Binti hakucheka.

Kwenye basi nikamwambia, "Turudi, mwanangu. Mtoto bado ananyonya."

"Nirudi nikafanye nini, mama? Si umesema mwenyewe kiwanda kinalaza magunia?"

Mie msemaji, mie nisiyeshindwa na mtu, nikaanza kumuuliza maziwa ya kopo yanachanganywaje.

Arobaini ilipoisha nikaondoka na mjukuu wangu na maziwa ya kopo. Mama yake alirudi ghalani asubuhi ileile.