Maksai Mmoja Halimi

Mpaka leo nikialikwa kwenye sherehe ya mtoto aliyefaulu, swali langu la kwanza ni wamechinja nini. Watu hudhani napenda nyama. Sina hamu nayo hata kidogo, nataka tu kujua safari hii wamemkomoa nani.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka tukiwa shambani Mollo, mimi na mama, tunapura ulezi. Nilikuwa nimesoma shule za serikali tangu darasa la kwanza, maharage yenye wadudu, maabara isiyo na maji, na nimefaulu fizikia, kemia na baiolojia. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Alituachia nyumba ya tofali za kuchoma, shamba, na maksai wawili wa kulimia. Huku kwetu Ufipa mjane mwenye maksai wawili na plau halali njaa. Analima kwake, anawalimia na wengine kwa malipo, mtoto anakwenda shule. Ndivyo nilivyosoma mimi.

Kesho yake nikaenda Sumbawanga mjini, kwenye steshenari wanakojazia watu maombi ya vyuo. Dada wa pale alikuwa mkali kama pilipili.

"Unataka kusoma nini?"

"Udaktari wa mifugo."

"Nani analipa?"

"Mkopo."

"Basi nisikilize, mdogo wangu. Kila mwaka watu wanakuja hapa wanajaza ndoto, halafu vyuo vikifunguliwa wanarudi kunililia mimi. Anza na mkopo. Ndoto itafuata."

Alinikera, lakini alisema kweli. Tukaanza kupanga. Vyuo vya binafsi nikavifuta vyote, maana ada zao hata upewe mkopo wote bado unabaki na shimo. Kozi ambazo mkopo wake ni wa bahati nasibu nikaziacha. Chaguo la kwanza nikaweka udaktari wa mifugo, Morogoro. La pili ualimu wa sayansi, Dodoma. La tatu ualimu huohuo, Mbeya, kwa sababu nauli si kubwa na nikikwama naweza kurudi nyumbani. Dar es Salaam sikuiweka kabisa. Mtoto wa baba mkubwa anaishi huko, na nilijua wangenilazimisha nifikie kwake, nifue nepi kwanza, vitabu baadaye.

Kila nilichochagua kilitegemea mkopo. Na ili kuupata, fomu ilitakiwa ipigwe muhuri na mtendaji wa kijiji, athibitishe kwamba mama yangu ni mjane asiye na uwezo. Nikaona hiyo ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Nani pale kijijini hakumjua mama?

Nilikuwa nimemsahau baba mkubwa.

Huyu ni kaka yake marehemu baba, nyumba yake iko ng'ambo ya shamba letu. Anapenda sifa kuliko chakula. Kanisani lazima akae benchi la mbele, na msibani yeye ndiye msemaji wa familia hata kama marehemu si wa kwetu. Aliposikia nimefaulu alikuja na wazee wenzake wanne, akakaa, akasema, "Mtoto wa ukoo huu anakwenda chuo kikuu, halafu tukae kimya kana kwamba tumeiba? Ipikwe pombe. Achinjwe ng'ombe."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Ng'ombe yupi, shemeji?"

Yeye alikuwa na zizi zima. Hakumtaja hata ndama wake. Alimtaja maksai wetu mwekundu. "Ni wa mdogo wangu," akasema. "Angekuwa hai angemchinja mwenyewe."

Mama akainama. Kwetu mjane habishani na shemeji mbele ya watu, na baba mkubwa alijua hivyo, ndiyo maana alikuja na watu. Nikabisha mimi. Nikaambiwa elimu imenipanda kichwani hata chuo sijafika.

Basi wakachinja. Pombe ya ulezi ikanywewa, ngoma zikapigwa, na mtendaji akakalishwa kwenye kochi la kuazima katikati ya uwanja. Alikula mpaka akalegeza mkanda, na nyingine akafungiwa apeleke kwake. Hapo baba mkubwa akasimama, anayumba. "Mheshimiwa mtendaji! Ukoo huu hauombi kwa mtu! Huyu binti tutamsomesha sisi wenyewe, hata Ulaya tukitaka!" Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la nyama ya ng'ombe aliyenisomesha tangu baba afariki, nikatamani kummwagia lote kichwani. Sikummwagia, na hilo linaniuma kidogo.

Jumatatu nikaenda ofisini na fomu yangu. Nikaamkia, "Shikamoo." Mtendaji akaitikia, akasoma, akaanza kutabasamu.

"Binti, mimi juzi nimekula kwenu. Leo nipige muhuri kwamba hamna uwezo? Unataka nifungwe?"

Nikamweleza. Nikamwambia yule ng'ombe alikuwa wa kulimia, na aliyejisifu si yeye anayenilisha.

"Baba yako mkubwa ametamka mbele ya kijiji kizima," akasema. "Aje afute kauli mwenyewe."

Nikatoka pale mbio hadi kwa baba mkubwa. Nilimkuta anaota jua ukutani, maana baridi ya Julai huku haina huruma. Hakunyanyua hata kichwa.

"Niende nikajiite maskini mbele ya yule? Unataka jina la baba yako litupwe jalalani?"

"Kwa hiyo ada utalipa wewe?"

"Mungu atafungua njia."

"Alishaifungua, baba mkubwa. Wewe ukaichinja."

Akaitafuta fimbo yake. Mama, ambaye alikuwa amenifuata nyuma, akanivuta mkono tukaondoka.

Siku zilikuwa zinakwisha, dirisha la maombi ya mkopo lilikuwa linakaribia kufungwa, na mimi nilikuwa sili, silali, namchukia kila mtu mwenye meno yaliyotafuna nyama ile. Ndipo mama akajifunga kanga akaenda ofisini peke yake. Sijui alisema nini huko. Alirudi na neno moja: mtendaji atakuja Alhamisi aone hali ya nyumba kwa macho yake.

Nilimpigia magoti. "Mama, nakuomba. Siku hiyo usipike kitu. Akute tunavyoishi. Mpe maji tu."

"Nimesikia," akasema.

Alhamisi nikaenda kuchota maji. Kurudi, nakuta manyoya nyuma ya jiko. Ndoo ilinitoka mkononi. Alikuwa amemchinja tetea wetu, kuku pekee aliyebaki baada ya kideri kupita na wenzake wote, tena alikuwa analalia mayai.

"Mama! Umefanya nini?"

Akanigeukia na mwiko mkononi, na macho yake hayakuwa ya kuomba msamaha. "Mgeni aje kwangu nimkalishe mbele ya kikombe cha maji? Mimi ni mchawi? Umaskini ninao. Uchoyo sikulelewa nao."

Nililia kwa hasira. Hebu niambie, kuna watu wengine duniani wanaoombwa waonyeshe shida yao wakaipikia mchuzi?

Mtendaji akafika. Na baba mkubwa, ambaye harufu ya kuku humfikia popote alipo, naye akafika, akajikaribisha. Mama akawanawisha mikono, akatenga ugali wa ulezi na bakuli la kuku. Firigisi akaiweka upande wa baba mkubwa, maana kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba na mwanamke haigusi. Mtendaji akatazama bakuli, akacheka. "Sasa mama, na hapa ndipo nione umaskini?" Baba mkubwa naye akacheka, mdomo tayari umejaa.

Nikalichukua bakuli. Nililinyanyua pale mezani, mikono yao imenyooka hewani, nikaliweka chini sakafuni. Mama alitoa sauti kama mtu aliyeungua.

"Mtendaji, inuka twende," nikasema.

Hata sijui kwa nini aliinuka. Nikampeleka zizini. Maksai mweusi alikuwa amesimama peke yake, na nira ya ng'ombe wawili imening'inia ukutani.

"Huyu mwenzake ulimla. Nyama uliyofungiwa ukapelekea watoto wako ndiyo plau yetu. Huyu mmoja halimi. Na kuku uliyemcheka alikuwa wa mwisho, zunguka nyumba yote ukiona mwingine nichape. Mama amemchinja kwa sababu wewe ni mgeni. Ukimla na huyo halafu ukaandika tuna uwezo, basi utakuwa umetula sisi wote."

Nyuma baba mkubwa alikuwa anapiga kelele kwamba ukoo haujapata kuzaa mtoto asiye na adabu kama mimi. Mtendaji akachukua pikipiki yake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi nikamfuata ofisini. Akapiga muhuri, akanisukumia fomu juu ya meza. "Chukua. Na huo mdomo utakuja kukuponza." Sikusema asante.

Nilipata Morogoro. Mkopo haukuwa kamili, ila ulitosha mtu kutokufa, na mpaka leo wanaukata kwenye mshahara wangu. Mama hakunisemesha kwa siku nyingi baada ya lile bakuli. Alikuwa ananitengea chakula, anageuka. Maksai mweusi akamuuza anipatie nauli na godoro, halafu akarudi kwenye jembe la mkono, anafukia majani na kuinua ntumba, vile vilima vya udongo vya bibi zetu, shamba zima, miaka yote mitano niliyokuwa chuoni. Ng'ombe wa baba mkubwa walikuwa wanalima ng'ambo pale, mama anawaona. Shemeji yake hakuwahi kumpitishia hata mstari mmoja wa plau.

Nilipomaliza na kupangiwa kazi Namanyere, nikaja kumsalimia mama. Akachinja kuku. Baba mkubwa alikuwa ameshafika, amekaa na wazee wenzake walewale, anawaeleza jinsi alivyonisomesha kwa ng'ombe wake. Mimi nikaangalia mikono ya mama, imepasuka kama udongo wa Septemba.

Mama akatenga chakula. Baba mkubwa, bila kutazama, akanyoosha mkono kwenye firigisi. Mama akaiwahi. Aliitoa chini ya vidole vyake, mbele ya wazee wote, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Shemeji," akasema, "wewe wa kwako ulishamla, mzima na pembe zake."

Baba mkubwa akabaki na mkono juu ya bakuli. Mama akaniambia nile kabla haijapoa. Nikaila. Ilikuwa ngumu, haikuiva vizuri, nikaitafuna polepole mpaka ikaisha.