Kondoo Aliyekosa Mnunuzi

Watu wakisikia kazi yangu hudhani nyumba yangu imejaa dhahabu na manukato. Karibuni mjionee. Nina saa ya ukutani niliyopewa na fundi mmoja, haitembei mpaka uipige kofi. Nina galoni la dawa ya kuogeshea ng'ombe, zawadi ya muuza dawa za mifugo aliyesahau kwamba naishi chumba kimoja nyuma ya soko la Meru na sina hata paka. Kuna daktari wa meno aliyening'oa jino bure, tena jino lisiloniuma, kwa sababu alitaka kunifurahisha na siku hiyo hakuwa na kitu kingine. Na mimi nikafungua mdomo! Hadi leo nikicheka pengo linaonekana, na bado nawaambia wasichana wapya wa baa ninapopatia wateja kwamba mji huu hakuna anayewajua wanaume kama Wawira.

Basi, akaja Murungi. Huyu ni mzee mjane wa Muthara, mfugaji. Siku za soko huleta kondoo mjini, na akishamaliza kuuza, mchana, hupitia pale baa ninapokaa. Tunakula, tunaenda chumbani, halafu ananisimulia habari za marehemu mkewe mpaka chai inapoa. Ni mtu mpole, ananuka kondoo kidogo, lakini nani asiyenuka kitu? Hulipa vizuri, kisha juu yake huongeza bakshishi. Mara ya kwanza ilikuwa mtungi wa asali. Nilinung'unika sana. Asali ya nini, na simu yangu imepasuka kioo? Mara ya pili nilitoka nje nikakuta kondoo jike amefungwa kamba mlangoni pa baa, ananiangalia.

Kondoo huyo ningemlaza wapi, kitandani? Ilibidi nimpeleke kwetu Karurumo, kwa baba.

Hapo ndipo pana maneno. Baba yangu, mzee Ireri, zamani alikuwa ananiita "mama", kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Siku aliyosikia ninafanya kazi gani Meru, aliacha kuniita hivyo. Aliacha kuniita chochote. Nikimtumia pesa kwa simu, inarudi siku hiyo hiyo, bila neno. Nilikuwa nawaambia watu sijali. Uongo mtupu. Kila ikirudi nalia kama mtoto aliyenyimwa maziwa, halafu napaka poda naenda kazini.

Ile asali nilikuwa nimeipeleka kwa sababu sisimizi walikuwa wamenivamia chumbani. Nilidhani baba ataitupa, lakini aliichukua akaingia nayo ndani. Sasa na huyu kondoo, nikapata lifti kwenye gari la kabichi, halafu nikapanda boda boda kutoka barabarani, kondoo nimempakata, akanikojolea mapajani mpaka viatuni. Nilifika nyumbani nimelowa. Baba alifungua kamba, akamtazama kondoo meno, akauliza, "Amekunywa maji?" Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyonipa baada ya miaka, na yalikuwa ya kondoo. Haki nilifurahi! Niliondoka mbio kabla hajabadilisha nia.

Murungi alipoacha tena kondoo dume mlangoni, Gatakaa akamwona. Gatakaa ni mpishi wa pale baa, Mmeru wa Tigania kama Murungi, na akiongea hata sufuria zinasikia.

"Wawira! Asali, kondoo jike, na sasa dume? Huyo mzee anakutolea mahari, na wewe umekaa tu hapo!"

"Wacha mchezo."

"Kwetu ndivyo inavyokuwa. Bado ng'ombe wawili tu, mtamba na fahali, na umeolewa!"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mambo yote yalijipanga kichwani. Kumbe ndiyo maana baba alipokea! Sisi Waembu tunapakana na Wameru, desturi zao anazijua. Mzee alikuwa ameona mahari inaingia, akajua binti yake anakuwa mke wa mtu. Jamani, kichwa kilinivimba. Niliacha kupokea wageni wengine. Nikanunua gauni refu la kufika vifundoni, nikaanza kumsalimia Gatakaa kwa Kimeru kila asubuhi mpaka akanifukuza jikoni. Jino langu lililong'olewa ndilo lilinitia wasiwasi. Nilijizoesha kutabasamu mdomo umefungwa, kama mke wa askofu.

Nilipompeleka yule dume, baba aliniuliza, "Huyu ametoka wapi?"

"Kwa mzee mmoja wa Muthara."

Alimpapasa kondoo mgongo. "Mwambie aje nimwone. Mje naye."

Mje naye! Nilirudi Meru siwezi kukaa. Kwangu ilikuwa wazi kabisa: Murungi akiingia ua ule, mimi ni mtoto wa nyumba ile tena. Asipoingia, basi, nibaki na saa yangu ya kupigwa kofi.

Siku ya soko nilimngoja Murungi na gauni refu. Nikamwekea mchuzi mwenyewe, nikamnawisha mikono.

"Mzee," nikamwambia, "baba amepokea. Anakungoja."

"Amepokea nini?"

"Mahari."

Mchuzi ulimpalia. Alikohoa mpaka Gatakaa akaja na maji. Aliponyamaza alinitazama kwa huruma, na afadhali angenicheka.

"Wawira, wale kondoo walikosa mnunuzi. Lori la kurudi Muthara linalipisha kila kichwa. Nikaona badala ya kuwarudisha, nikuachie, utauza."

"Na asali?"

"Ilikosa mnunuzi pia." Alifuta mdomo taratibu. "Mahari huletwa na wazee, binti yangu, huwekwa mbele ya baba. Mtu hawezi kuifunga kwenye mlango wa baa."

Binti yangu! Hata hilo nililipata siku hiyo. Mjuzi wa wanaume, mimi, nilikuwa nimevishwa mabaki ya soko nikadhani ni shela. Nililia mbele ya watu, na lile gauni refu likanikwaza nikitoka.

Asubuhi yake nilienda Karurumo mikono mitupu. Baba alikuwa anagongomea mbao za zizi. Sikusalimu hata, niliogopa nikianza salamu nitashindwa na mengine.

"Baba, hakuna mtu anayekuja. Hakuna mahari. Yule mzee ni mteja wangu, na wale kondoo ni bakshishi."

Aligonga msumari mpaka ukaisha kuingia. "Najua."

"Unajua?"

"Mahari ya Wameru haijawahi kuja na boda boda. Wala haiji na mtu aliyekojolewa."

Hapo hasira ikanipanda. "Sasa mbona pesa zangu umerudisha miaka yote, na kondoo ukapokea? Si ni kazi ile ile?" Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka, na nilikuwa sijali.

Baba aliweka nyundo chini.

"Hiyo kazi siipendi, na sitaipenda. Lakini pesa inakuja yenyewe kwenye simu. Ikishafika, naiangalia, na wewe hupo. Kondoo hawezi kuja peke yake. Lazima mtu amlete."

Nilishusha sauti.

"Na yule mzee? Si ulisema nije naye?"

"Wewe ukileta kitu unakimbia hata chai hujanywa. Nilifikiri mkija wawili, kwa heshima ya mgeni, utakaa mpaka jioni."

Nilikaa kwenye mbao zake nikalia tena, kilio cha pili kwa siku mbili, nikiwa na pengo langu wazi bila kujificha. Baadaye nikaingia jikoni nikapika chai, tukainywa na ile asali iliyokosa mnunuzi. Nilikuwa sijawahi kuionja. Ilikuwa tamu sana, na mimi niliinung'unikia.

Jua liliposhuka alinisindikiza mpaka njiani. Alisimama pale akikwangua matope kwenye kiatu, kama mtu anayetafuta neno.

"Mama," akasema, "huyo mzee wa Muthara, hafugi kuku?"

Nikamwambia nitamuuliza.