Siku Niliyomwomba Mfufuzi

Plastiki kuukuu iliyopigwa na jua ina harufu yake, kidogo kama peremende, kidogo kama waya ulioungua. Nikiinusa, hata nikiwa kwenye duka la vyombo, narudi moja kwa moja Kawangware, kwenye koridoo ya ploti ya vyumba tulikokuwa tumepanga, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nangoja binamu yangu Awino arushe dadu.

Dadu zenyewe hazikuwa kama zile mnazozijua. Zilikuwa na pande nyingi, na moja ilikaribia kuwa duara kama ndimu. Awino alizipata kwenye rundo la mitumba, ndani ya boksi lenye kitabu kinene cha Kiingereza kilichowahi kulowa na kukauka vibaya. Muuzaji alidhani ni vifaa vya hesabu. Awino alikuwa kidato cha tatu, msomaji wa kila kitu, hata gazeti lililofungiwa nyama, na alikaa na kitabu kile mpaka kikamwingia kichwani. Kisha akatufundisha mimi na Kamau, mjukuu wa mwenye ploti.

Mchezo ulikuwa hivi: kila mmoja anajitungia mtu. Kamau alikuwa askari wa upanga, akajiita Jenerali Chuma. Mimi nilikuwa Nyota, mjuzi wa mitishamba. Awino ndiye aliyesimulia safari yetu, na yeye ndiye aliyekuwa watu wengine wote, kuanzia maadui hadi mbuzi wa njiani. Ukitaka kufanya jambo gumu, unarusha dadu. Namba ndogo ikitoka, dadu imekataa, umeshindwa.

Adui mkubwa kuliko wote alikuwa mungu mbaya aliyeishi chini ya mlima. Jina lake kitabuni lilikuwa gumu hivi kwamba Kamau alipojaribu kulitamka alituloanisha mate, ndipo Awino akamwita Mfufuzi. Kazi yake ilikuwa kuwainua wafu, lakini si ili waishi. Waliinuka wakamtumikia, bila kulala, bila kujua majina yao. Awino alimweleza vizuri mno, hata Kamau, aliyenizidi umri na urefu, alianza kuniomba nimsindikize choo.

Nyanya yake, ambaye ploti nzima tulimwita Cucu, alipita siku moja na ndoo ya maji akasikia Awino akisema, "Mfufuzi anawaita." Akasimama.

"Huyo Mfufuzi ni wa kanisa gani?"

"Si wa kanisa, Cucu," Awino akajibu kwa adabu. "Ni adui. Tunataka kumpiga."

Cucu akaihamishia ndoo mkono mwingine. "Mpigeni. Lakini msizibe njia."

Sasa niwaambie jinsi nilivyofika pale. Kabla ya hapo nilikuwa naishi mtaa mwingine, Gatwekera, mimi na mama tu. Mama alikuwa akifulia watu nguo, na alipocheka aliufunika mdomo kwa mkono wenye harufu ya sabuni, kwa sababu ya pengo alilolionea haya. Akaugua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Wakubwa walisafiri ushago, kijijini kwetu, kumzika, mimi wakaniacha kwa jirani. Walisema safari ni ndefu na mimi ni mdogo. Waliporudi, Anti Roselida, dada mkubwa wa mama na mama yake Awino, alinichukua nikakae naye. Nikiuliza juu ya mama, niliambiwa amepumzika, halafu nikapewa chai. Nilikuwa na miaka tisa. Kupumzika nilikujua. Mtu akipumzika, baadaye anaamka.

Basi Jumamosi moja ya likizo, mchana, tukaufikia mlima. Awino akatuingiza pangoni, akatuonyesha wafu wamesimama kwa safu, na Mfufuzi ameketi kwenye kiti cha mifupa ya mbavu.

"Nachomoa upanga," Kamau akasema.

"Ngoja. Nataka kuongea na yeye."

"Huyu haongeleshwi. Huyu ni wa kupigwa tu."

"Wacha aongee," Awino akasema.

Nikajiweka sawa kwenye ndoo. "Mfufuzi, unaweza kunirudishia mama yangu?"

Kamau alishusha mkono. Ndani ya nyumba, Anti alikuwa akikata mboga ya sukuma, na kisu kikanyamaza. Awino hakunitazama. Alikitazama kitabu kilichokuwa wazi mapajani mwake, kisha akajibu kwa ile sauti nzito ya Mfufuzi.

"Naweza kumsimamisha. Atatembea, atabeba maji. Lakini hatakujua. Ukimwita hatageuka."

"Hata kucheka hatacheka?"

"Hatacheka. Mimi nasimamisha mwili tu. Mtu mwenyewe siwezi kumrudisha."

"Sasa mama yuko wapi?"

Hapo sauti ya Mfufuzi ikaisha. Awino akafunga kitabu. "Adhis," akasema, "mama yako tulimzika. Nilikuwa hapo."

Akanieleza yote. Kwamba kaburi liko nyuma ya nyumba ya nyanya yetu kule ushago, karibu na ua wa ojuok, ule mmea wa utomvu mweupe. Kwamba mvua ilinyesha asubuhi na udongo ukawasumbua wachimbaji. Kwamba akina mama waliimba hadi sauti zikakauka, na mama alifunikwa leso yake ya kijani yenye ndege. Nikauliza kama alikuwa na viatu.

"Alikuwa na soksi nyeupe."

Anti alikuwa ametokea mlangoni, kisu mkononi. Nilijua Awino atagombezwa. Badala yake Anti aliketi kwenye kizingiti.

"Ni mimi nilimvalisha," akasema. "Alikuwa hapendi miguu ikipata baridi."

Ndipo nikalia, mara ya kwanza tangu nitoke Gatwekera. Anti alinivuta kifuani, akanuka kitunguu na sukuma, naye akalia. Kamau hakujua aangalie wapi. Aliokota dadu moja moja na kuzipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Tulipotulia, akauliza polepole, "Sasa huyu mungu tunampiga ama hatumpigi?"

Anti ndiye aliyeanza kucheka.

Nikasema Nyota hatapigana. Atapita katikati ya wale wafu, amwambie kila mmoja alale. Awino akasema jambo hilo ni gumu, lazima nirushe dadu. Nikarusha. Hadi leo sijui ilitoka ngapi, kwa maana aliifunika kwa kiganja na kusema imekubali. Wakalala wote, safu kwa safu, Mfufuzi akabaki bila hata mtu mmoja wa kumtuma, na Jenerali Chuma akammaliza haraka, maana alikuwa ameingoja kazi hiyo likizo nzima.

Desemba, Anti alinipeleka ushago. Nilisimama kaburini, nikauliza maswali mengi, nikajibiwa yote. Kisha nikaenda kucheza na watoto wengine.

Nilikisoma kitabu kile mwenyewe nilipoingia sekondari. Katika ukurasa wa Mfufuzi imeandikwa kwamba hamwambii ukweli mtu aliyefiwa. Humwahidi kuwa mpendwa wake atarudi vilevile alivyokuwa, na yule mtu hukaa mlangoni pake akingoja hadi azeeke. Kwa sheria za mchezo, Awino alipaswa kunijibu kwamba ndiyo, mama atarudi.

Miaka mingi ilipita kabla sijamuuliza. Nilimkuta kwake akimsuka binti yake nywele, nikamwambia, "Siku ile ulivunja sheria."

Hakuuliza siku gani. "Nilivunja."

"Kwa nini?"

"Ningesema atarudi, ungekaa ukimngoja."

Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba nilikuwa nimeshaanza kungoja. Tangu nifike Kawangware, kila mara geti la ploti lilipolia niliacha nilichokuwa nacho mkononi, nikageuka. Sikuulizwa na yeyote, nikaamini hakuna aliyeona.

Awino aliendelea kusuka. "Niliona," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa nakaa nikikuangalia."