Tafsiri ya Maombi ya Mama

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Makambako ilimpokea kila mtu. Mimi nilitoka Ludewa nikaja kuuza mitumba, nikajiunga na kikundi cha Karismatiki parokiani. Tulikuwa mchanganyiko hasa: Wabena wenyeji, Wakinga wenye maduka, Wahaya na Wachaga walioletwa na kazi. Wapangwa tulikuwa wawili tu, mimi na kiongozi wetu, na Kipangwa hakuna mwingine aliyekijua. Tena tulitoka kijiji kimoja, na utotoni alikula kwa mama yangu zaidi kuliko alivyokula kwao. Nilimwamini kama ndugu wa tumbo moja.

Mama alinifuata Makambako akiwa na uvimbe kwenye titi, mgumu kama kokwa. Alikuwa ameuficha muda mrefu kwa aibu. Nikapanga Jumatatu nimpeleke hospitali ya misheni kule Ikonda. Kiongozi akanishauri Jumamosi aje kwanza aombewe. Sikuona ubaya.

Kumbe Jumamosi hiyohiyo walikuwa wanakuja wageni kutoka jimboni Njombe, padre mmoja na wazee wawili. Watu walikuwa wamelalamika kwamba tunapiga kelele kama walokole, na wageni ndio wangeamua kama tuendelee kutumia ukumbi au tufungiwe.

Mama alikuwa Mkatoliki wa Kilatini. Misa nzima aliijua kwa moyo bila kuelewa hata neno, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Alipoona mikono inapaa na watu wanarukaruka, akaninong'oneza kwa Kipangwa, "Hawa nao ni wa Papa?" Nikacheka. Kiongozi alikuja mlangoni, akampokea kwa mikono miwili, akamsalimu kwa Kipangwa kilichonyooka, akamuuliza mpaka habari za ng'ombe wake.

Ikafika saa ya kunena kwa lugha. Kila mtu akaomba kwa sauti yake, ukumbi ukavuma. Mama akasikiliza, uso ukamchangamka. Alidhani kila mmoja anaomba kwa lugha ya kwao, Mhaya Kihaya, Mkinga Kikinga. Maisha yake yote hakuwahi kuambiwa kanisani kwamba Kipangwa kinaruhusiwa. Akapiga magoti, akaomba kwa Kipangwa, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Alisema, "Mungu, nimechoka kuficha. Linaniuma usiku na mchana. Waambie wanangu wasinizungushe tena. Wanipeleke kwa daktari, hata kama ni kulikata, walikate."

Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Dada mmoja akapaza sauti, "Roho anasema!" Wote wakamgeukia kiongozi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na karama ya kutafsiri. Akawatazama wageni wa Njombe. Kisha akafumba macho.

"Bwana anasema," akatamka, "mama huyu nimemponya saa hii. Asipelekwe kwenye mikono ya wanadamu."

Vigelegele vilitikisa mabati. Padre akaandika kitu kwenye daftari lake. Kiongozi alipofumbua macho tukatazamana, na alijua kwamba najua. Nilikuwa na sekunde chache za kusema, "Hapana, hicho ni Kipangwa." Niliwaona wageni, nikawaona wenzangu wanalia kwa furaha. Nikasema amina. Nilisema kwa nguvu.

Njiani mama akauliza, "Wamefurahi sana. Kwa hiyo nakwenda Jumatatu?"

Nikamwambia Mungu amesema amepona. Akasimama katikati ya barabara.

"Lakini mtoto yule wa kwetu alinisikia," akasema. "Na wewe ulikuwepo."

Akajifunga khanga upya. "Haya. Kama Mungu kasema, nani atambishia?" Jumatatu hatukwenda.

Nilipombana kiongozi, wala hakukana. "Dada, ningefanyaje? Wangetufungia. Tena nilidhani kwa imani ile angepona kweli." Kikundi kilipewa ruhusa ya kuendelea. Nilimchukia, na ninamchukia mpaka leo ninapoandika. Lakini yeye aliwaza kikundi. Mimi sijui niliwaza nini.

Tulikaa tangu palizi hadi mahindi yakakauka. Kidonda kilipofunguka ndipo tukaenda Ikonda, na daktari akauliza kwa upole kwa nini tumechelewa. Mama akanitangulia kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Waliniambia nimepona."

Tulimzika Ludewa. Kiongozi alisafiri kuja msibani, na kwa kuwa ni mtoto wa kijiji, wazee wakampa aongoze sala. Aliomba kwa Kipangwa mwanzo hadi mwisho, kwa ufasaha, akamtaja mama kuwa ndiye aliyemlisha. Hakuhitaji mtafsiri. Msiba mzima ukaitikia amina. Mimi yangu niliimalizia Makambako, siku ile ukumbini.