Ukurasa Ambao Ludwina Hausomi

Jua halijashika kasi, na Ludwina Koiai anakung'uta mkeka wake katika soko la Tokunai, kusini mwa kisiwa cha Bougainville. Wenzake wanapanga magimbi na viazi vitamu. Yeye anapanga vitabu.

"Mwalimu!" anaita muuza samaki. "Kitabu cha kumtuliza mume mlevi unacho?"

"Hicho bado hakijaandikwa, shoga. Ukikipata niletee na mimi."

Soko zima linacheka. Ludwina, mwenye miaka hamsini na minane, hajawahi kuwa mwalimu wala hana mshahara. Anaishi kwa kulima shamba la mama yake. Vitabu hivi, vyote vya amani na suluhu, alikabidhiwa na kanisa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kisiwani, na kila siku ya soko huwashauri watu waanze na kipi.

"Mwenye hasira simpi kile kinene cha wataalamu, atanirushia," anasema. "Namwanzishia hiki cha hadithi, cha ndugu wawili waliogombania mto. Akirudi kuniuliza nani alikuwa na haki, basi kimemwingia. Ndipo nampa cha namna ya kumsikiliza mtu unayemchukia."

Kitabu kimoja hukiweka chini kabisa. Kina shuhuda za vita, na ukurasa wake mmoja umefungwa kwa pini.

Mwaka jana aliusoma ukurasa huo kwa sauti, watu wamejaa. Katikati ya sentensi likamtoka jina la kijana aliyeuawa msituni. Huku, aliyeuawa hatajwi hadharani mpaka pande mbili zitafune tambuu pamoja na kupanda jiwe la suluhu. Jiwe la kijana huyo halijapandwa. Na aliyemuua ni Damien, kaka yake Ludwina.

"Nilinogewa na kusoma," anasema. "Nikamtaja mimi, dada wa aliyemuua! Aibu ile ninayo mpaka leo."

Ukoo wa marehemu uliinuka ukaondoka. Nguruwe waliokuwa wakinoneshwa kwa ajili ya karamu ya suluhu wakauzwa. Damien aliumia kuliko wote. Mapafu yamemwisha, na anachoomba ni kupanda jiwe kabla hajafa.

"Kila asubuhi ananiuliza, 'Dada, wamesemaje?' Nimjibu nini?"

Mazungumzo yanakatika. Apolonia Tokuai, dada wa marehemu, amesimama mbele ya mkeka, kikapu mgongoni. Tangu siku ile hajakanyaga hapa. Muuza samaki anaacha kupunga nzi.

"Kile kitabu kipo?"

"Kipo, dada. Ule ukurasa niliufunga. Sijaugusa tena."

"Fungua."

Ludwina anachomoa pini. Apolonia anautazama ukurasa kwa muda mrefu.

"Jina lake ni lipi?"

Ludwina hatamki. Anaonyesha kwa kidole. Apolonia anaweka chake hapo hapo, juu ya jina ambalo gazeti hili nalo halitaliandika.

"Mimi kusoma sijui. Vita vilifunga shule nikiwa mdogo," anasema. "Mwaka mzima nimekukasirikia, na bado nimekasirika. Lakini kinachoninyima usingizi si kwamba alitajwa. Ni kwamba ulimtaja wewe. Sasa nifundishe. Siku nitakapoweza kuusoma ukurasa huu, tutapanda jiwe, na jina la kaka yangu nitalitaja mwenyewe."

Ludwina analia waziwazi, mbele ya soko zima.

"Tuanze lini?"

"Kwani leo una kazi gani? Hata viazi huuzi!"

Ludwina anacheka huku akijifuta machozi. Apolonia anakaa upande wa pili wa mkeka. Kila mmoja anatafuna tambuu yake. Ya pamoja bado. Kati yao Ludwina anafungua kile cha ndugu wawili na mto.

Anapoulizwa anatumaini nini, anajibu kwa sauti ya chini ili mwenzake asisikie.

"Naomba herufi zimwingie upesi, maana Damien anakohoa damu. Siku ya jiwe mimi sisomi kitu. Nitakaa chini na kaka yangu, tumsikilize."