Mazishi ya Sista, Ng'ombe wa Muchangi

Mwalimu Ruguru wa chekechea akicheka, walimu wa madarasa ya juu hufunga madirisha. Mimi nafundisha chumba cha pili kutoka kwake hapa shuleni Manyatta, nimeshazoea. Kuna vitu viwili asivyovumilia: chaki iliyolowa, na vitabu vya watoto ambamo wanyama hawafi.

"Ng'ombe anatoa maziwa ukurasa wa kwanza, anatoa maziwa mpaka wa mwisho," huniambia. "Huyo ni ng'ombe ama ni mfereji?"

Kwa hivyo huandika vyake. Huchora kwa kalamu za rangi kwenye karatasi ngumu, akazishona kwa uzi wa gunia. Kuku wake hunyakuliwa na mwewe, vifaranga wakabaki wakilia. Lakini ukurasa wa pili utakuta mbuzi amevaa soksi, basi watoto huvigombania hadi vinararuka.

Mwaka huu akafa Sista. Sista alikuwa ng'ombe wa Muchangi, kakake Ruguru; ng'ombe mweusi mwenye kichwa cheupe kama kitambaa cha mtawa. Alimeza avokado nzima ikamkwama kooni, na Muchangi akamchinja kabla pumzi haijakata. Binti yake Purity, mtoto wa miaka sita, alikuwa shuleni. Aliporudi aliambiwa Sista ameenda kwa wajomba kule Runyenjes kupumzika.

Ikawa kila jioni Purity anakata majani ya ng'ombe na kuyaweka horini. Yakikauka, analeta mengine. Hakucheza, hakula vizuri, alingoja tu. Jambo hilo lilimuuma Ruguru mpaka akaacha kucheka, nasi tukajua mambo yameharibika.

Akaandika kitabu cha ng'ombe aliyekwamwa na avokado akafa. Muchangi hakutaka kukisikia.

"Huyo mtoto ni mdogo, dada. Utamvunja moyo."

"Na hayo majani yanamjenga? Mficha maradhi, kilio humfichua."

Kesho yake alikisoma darasani, Purity akiwa ameketi mbele kabisa. Purity hakulia. Aliuliza tu, "Mazishi ni lini?"

Hapo Ruguru alikuwa amejitafutia. Kwetu huwezi kutangaza kifo halafu utarajie watu wakae kitako. Kifo kina kamati. Kabla ya uji wa saa nne kamati ya watoto ilikuwa imeshaundwa. Jumamosi, uani kwa Muchangi, palikuwa na hema la shuka, wanakamati wamejibandika majani ya mgomba vifuani, na mshereheshaji alikuwa Mwaniki, mwenye miaka mitano, ameshika gunzi la mahindi kama kipaza sauti.

"Tafadhali ongeeni kwa ufupi," alisema. "Hatuna time."

Majirani wa marehemu wakaitwa. Mbuzi alivutwa mbele akakataa kusema neno. Mimi nilitoa rambirambi za walimu, tena nikaambiwa nimezidisha muda. Ruguru alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanamtetemeka.

"Sasa ni familia," Mwaniki akasema. "Baba ya marehemu akuje mbele."

Muchangi alikuwa akipita na ndoo. Wakamkamata mkono. Mtu hakatai kuzungumza matangani, hata yakiwa ya ng'ombe, kwa hivyo alisimama, akavua kofia.

"Sista alikuwa ng'ombe mzuri," alianza.

Purity akainua mkono. "Baba, kaburi iko wapi?"

Kitabu cha Ruguru hakikuwa na ukurasa huo. Nilimwona akishusha leso, kicheko kimemkauka. Muchangi angeweza kuwataja wale wajomba tena, na nadhani aliwafikiria. Akaweka ndoo chini.

"Hakuna kaburi, mami. Tulimkula. Ile nyama ya Jumapili."

"Ile ya chapati?"

"Ile ya chapati."

Kamati nzima ilimgeukia Purity.

"Alikuwa mtamu," alisema. Kisha uso ukamkunjika, akalia kwa mara ya kwanza tangu Sista apotee, na Muchangi akaketi palepale kwenye matope, akampakata, akalia kumshinda.