Kisu Nilichompa Kinoo

Wewe ni wa nne kuja kuniuliza habari za Kinoo. Wa kwanza alikuja na daftari, wa pili na kinasa sauti, wa tatu alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Wote wanataka niwaambie alikuwa mtakatifu, uso uling'aa, sijui malaika walimfuata nyuma. Khaa! Alikuwa mnoa visu. Alikuwa na kikohozi kisichopona, alivaa buti za mpira zisizofanana, moja nyeupe moja nyeusi, na utani wake haukumchekesha mtu ila yeye mwenyewe. Mimi ndiye niliyemuua, kwa mikono hii, asubuhi kweupe, mbele ya watu. Kwa hiyo kama kuna mtu anayejua alivyokuwa, ni mimi. Kaa hapo, na usinikatize.

Tulifanya kazi machinjioni pamoja miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa mchinjaji mkuu. Waliniita Jabali, kwa ajili ya mwili huu unaouona na kwa ajili ya roho niliyokuwa nayo. Ng'ombe waliingia kwa mlango wa chuma upande wa zizi, wakalazwa, nikapitisha kisu, wakapandishwa kwenye reli ya kulabu, wakaenda kwa wachunaji, kwa wapasuaji, mwisho kwa mkaguzi na muhuri wake wa zambarau. Sakafu ya saruji ilikuwa na mfereji katikati na mabomba yalimwaga maji kutwa, lakini harufu ile haitoki. Unaoga, unabadilisha nguo, mkeo bado anageukia ukutani. Mahali pale watu hawaongei, wanapigiana kelele, na ngumi hazikukosekana kila wiki. Nilimvunja taya mpakiaji mmoja kwa sababu alinikanyaga. Sikunawa hata mikono, nikarudi kazini.

Kinoo alikuwa na chumba chake kidogo kati ya zizi na ukumbi wa kuchinjia, mlango ukitazama lango kuu. Mle ndani kulikuwa na mota ya umeme yenye jiwe la mviringo, beseni la maji, na jiwe la mkono, jeusi, lililolika katikati. Jioni tunamwachia visu, asubuhi tunavichukua. Sasa, mchinjaji akipokea kisu hukijaribu kwanza. Unakipitisha hapa juu ya mkono; vinyweleo vikinyoleka, kisu kiko sawa. Mimi kwa Kinoo niliacha kujaribu. Kwa nini nijaribu? Hakuwahi kunipa kisu kibaya. Nilikuwa nashika mpini na kwenda zangu. Hilo liweke kichwani, maana ndilo lililoniponza.

Siku moja aliniuliza, "Jabali, unadhani kisu hiki kinakata kwa makali?"

"Kwani kinakata kwa nini, kwa maombi?"

"Kinakata kwa ruhusa," akasema, kisha akacheka peke yake mpaka kikohozi kikamkaba. Nikamwambia vumbi la jiwe limemla akili.

Kuna siku fahali mmoja alikata kamba. Dude kubwa, jekundu, pembe kama mikono ya mtu. Alimchoma mchunaji mmoja kwenye paja na kumrusha ukutani, damu ikaruka mpaka kwenye taa. Wanaume wazima walipanda juu ya uzio, roho mkononi. Mimi nilichukua shoka. Kabla sijafika nikamwona Kinoo anakatiza uwanja na ndoo ya maji, buti moja nyeupe moja nyeusi, anakohoa. "Pole, baba," anamwambia ng'ombe. "Pole. Kunywa basi." Na lile dude likainamisha kichwa likanywa! Kinoo akaiacha ndoo pale, akaenda kupiga magoti kando ya yule mchunaji, akaliziba jeraha kwa kiganja chake mpaka gari la wagonjwa likafika. Daktari alisema mshipa ule ukikatika mtu hamalizi dakika tano. Gari lilichukua dakika arobaini. Mchunaji yu hai, ana wajukuu. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nikasema bahati.

Fahali nilimchinja mimi, pale pale, mdomo ukiwa bado kwenye ndoo. Baadaye nikamsikia Kinoo analia chumbani kwake. Nilikasirika, nikaingia bila hodi. "Mnafiki wewe! Unamlilia ng'ombe na kisu umekinoa mwenyewe?"

"Ndiyo, Jabali," akasema. "Ndiyo maana nalia."

Sasa nikwambie habari ya mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja, wa mwisho kwa mama yetu, na mimi ndiye niliyemtafutia kazi pale ya kuendesha lori la nyama. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyechukua jina la marehemu mama yetu. Basi sote wawili tulimwita mama. Mdogo wangu akija nyumbani anapiga magoti mlangoni, "Mama, mwanao nimekuja, nipe chakula," na yule mtoto anacheka mpaka anaanguka. Alikuwa na miaka sita. Jumamosi moja nilikwenda naye kazini kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa. Nilimkalisha kwenye kiti cha mlinzi, langoni. Mdogo wangu alikuwa amekunywa tangu alfajiri. Akarudisha lori nyuma bila kutazama, na mtoto alikuwa ameshuka kwenye kiti akimkimbilia baba yake mdogo.

Nilimtoa mimi chini ya gurudumu. Nimepasua wanyama wasio na idadi, najua mwili ulivyo ndani. Wa mwanangu sikutaka kuujua.

Mdogo wangu nilimng'oa meno mawili kabla hawajanitoa juu yake. Mahakama ikampa miaka mitatu. Wakati anashushwa ngazi na pingu nilimfokea mbele ya watu wote, "Siku utakayotoka, nakuchinja! Haki ya Mungu, nakuchinja kama ng'ombe!" Akageuka akasema, "Sawa, kaka." Hiyo sawa yake ilinitia wazimu zaidi. Nyumbani nikaanza kumpiga mke wangu. Sisemi kwa kujisifu. Nilimpiga kwa sababu alikuwa karibu. Akafungasha vitu vyake akarudi kwao, na alifanya vizuri.

Miaka mitatu hiyo, kila asubuhi, Kinoo akinipa kisu ananiuliza, "Jabali, umeamkaje?" Namjibu, "Nahesabu siku." Ananiuliza zimebaki ngapi, namwambia. Hakunihubiria hata siku moja. Ningempiga. Aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu anayejiandikia mahali.

Basi siku ikafika, Jumanne. Mlinzi akaniambia mdogo wangu ametoka, na ametuma salamu kwamba saa nne atakuja langoni. Dunia yote hii, na miguu anayo, anakuja langoni! Haikuwa zamu yangu. Nilikwenda na kisu changu kirefu nikakiweka mbele ya Kinoo.

"Leo huchinji," akasema.

"Noa."

"Cha kazi gani?"

"Unajua. Noa, na unoe vizuri, wala usinifanyie ujanja."

Macho yake yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa amelala. "Nitakinoa kama ulivyosema," akasema. "Sijawahi kukudanganya." Hakuwasha mota. Alichukua jiwe la mkono, akalowesha, akanoa kwa nusu saa nzima, kazi ambayo siku zote huimaliza kwa dakika tano. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia neno. Akakifuta kwa kitambaa, akanipa mpini. Nikashika, nikaenda zangu. Sikujaribu.

Mdogo wangu alikuwa amesimama ndani ya lango, amekonda, mfuko wa plastiki wa nguo mkononi, pale pale lilipokuwa gurudumu. Wapakiaji waliacha kazi. Mkaguzi alitoka na muhuri wake. Hakuna aliyesogea, wote walikuwa wananijua.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Sikuitikia. Nilimshika nywele, nikamkunja kichwa nyuma, nikampitishia kisu shingoni kama ninavyojua kupitisha, mkono mzima, kutoka sikio hadi sikio. Kisu kikateleza. Nikarudia. Kikateleza tena, kama kijiko kwenye sahani. Nikamtupa chini nikamchoma kifuani, tumboni, tena na tena. Mlinzi alisema mahakamani ni mara tisa. Shati lilichanika likawa matambara, ngozi ikabaki. Na yeye amefumba macho, mikono kando, hajikingi hata kidogo. Nilikuwa nanguruma, nasikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Kisha nikainua macho nikamwona Kinoo amesimama mlangoni kwake.

Ahaa! Damu ilinichemka mpaka nikaona giza. Miaka mitatu nimesubiri siku moja, na huyu mkohozi amenichezea!

"Umekitia ubutu!"

"Nilikinoa, Jabali."

"Mwongo!"

Nilikitupa kisu, nikachomoa komeo la lango, chuma cha urefu wa mkono. Pigo la kwanza nilimpa kwenye vidole, vile vya kunolea. Nilisikia vikivunjika. Hakukimbia. Mdogo wangu akaja kunishika kwa nyuma, akisema, "Kaka, mwache, niue mimi!" Nikamkumba akaanguka, nikainua chuma juu ya kichwa chake. Chuma hakina makali, chuma hakihitaji kunolewa. Hapo ndipo Kinoo alipoingia kati. Aling'ang'ania shati langu kwa ile mikono iliyovunjika, uso wake karibu na wangu hivi, pumzi yake inanuka dawa ya kikohozi.

"Kama lazima iishe," akasema, "iishie kwangu."

Nikamalizia kwake. Unataka nikwambie? Nitakwambia, maana ninyi mnapenda kuruka sehemu hii. Nilimpiga begani akapiga magoti. Nilimpiga mbavuni, mgongoni, kichwani. Buti nyeupe ilimtoka mguuni ikaenda mpaka kwenye mfereji. Nilimpiga kwa ajili ya gurudumu, kwa ajili ya mke wangu, kwa ajili ya kile kiti cha mlinzi nilichomkalisha mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe. Kila pigo nililia. Watu zaidi ya thelathini walisimama kimya kama kuta. Nilipoacha, hakikuwa kimebaki kitu cha kupiga.

Kisha nikamgeukia ndugu yangu. Alikuwa amekaa chini kwenye matambara ya shati lake. Chuma kilikuwa bado mkononi. Nikaitafuta ile hasira, ile ya miaka mitatu, niliyoamka nayo na kulala nayo. Haikuwepo. Nilijipekua kama mtu aliyepoteza funguo. Yote ilikuwa imeishia kwa mnoa visu ambaye hakunikosea lolote duniani. Nikaweka chuma chini, nikakaa, nikangoja polisi.

Walikuja wawili. Mmoja aliinama kuokota kisu akakishika upande wa makali, pengine kwa kuwa nilikuwa nimesema kwa sauti kwamba ni kibutu. Akapiga yowe. Vidole viwili vilifunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Mwenzake hakuamini, akakifunga mpini kwa kitambaa, akakunja shati, akakipitisha juu ya mkono wake taratibu. Vinyweleo vikaanguka vyote. Kilinyoa.

Niliwaomba wanipe nikijaribu. Niliwapigia magoti. Walidhani nataka kujiua, wakanifunga pingu. Lakini haki ya Mungu, nilitaka kukijaribu tu, mara moja, kama nilivyotakiwa kufanya asubuhi ile. Ningejua kwamba alinoa. Ningejua ni kitu gani kilichonizuia, na kwamba hakikuwa Kinoo.

Sasa nasikia mnachota maji ya beseni lake na kuyapaka watoto, na lile jiwe jeusi mmelifungia kwenye kioo. Fanyeni mtakavyo. Mimi nawaambia alikohoa, alilia, na nilipomwita mwongo alinijibu mara moja tu kisha akaacha kujitetea. Mnachonitaka niseme zaidi ya hapo sikijui.

Mdogo wangu huja kunitazama kila mwezi. Ameacha pombe. Analeta sabuni na dawa ya meno, anakaa upande ule wa wavu, kola wazi. Naitazama shingo yake. Hakuna hata alama, laini kama ya mtoto. Kila anapokuja anasema, "Shikamoo, kaka," na mimi namtazama tu mpaka muda unaisha, askari ananirudisha. Imekwenda hivyo mwaka mzima na miezi minne. Sijamsamehe, usiandike nimemsamehe. Binti yangu yuko ardhini.

Lakini Jumapili iliyopita alikuja amelowa mvua, anakohoa. Kikohozi kile kile, kikavu, cha kifuani. Akapangusa mdomo kwa mkono, akakaa, akasema kama kawaida yake, "Shikamoo, kaka."

Nikamwambia, "Marahaba. Umekula?"